Mjadala: Timu 32 Mashindano ya Dunia ya voliboli ya wanawake. Tumeongezewa nafasi au tumepunguziwa mechi?

MtoaMada

Wakuu, naleta hoja hii tuijadili kwa hesabu, kwa sababu naona wengi wanaishangilia au kuilaani bila kufungua ratiba.

Mashindano ya Dunia ya voliboli ya wanawake ya 2025, yaliyofanyika Thailand kuanzia Agosti 22 hadi Septemba 7, yalikuwa ya kwanza kuwa na timu 32. Tangu 2002 hadi 2022 zilikuwa 24. Pia sasa yanachezwa kila baada ya miaka miwili badala ya minne. Likisemwa hivyo linasikika kama neema tupu, hasa kwa Afrika, ambayo ina nafasi tatu za uhakika kupitia mashindano ya bara.

Sasa tazama mechi zenyewe. Mwaka 2022, Uholanzi na Poland, kulikuwa na makundi 4 ya timu 6. Timu hata ikipigwa kila siku ilicheza mechi 5. Nne za juu kila kundi zikaenda hatua ya pili, mechi 4 nyingine, kisha robo fainali. Serbia walichukua ubingwa kwa mechi 12. Mashindano mazima yalikuwa na mechi 100 ndani ya siku 23.

Thailand kulikuwa na makundi 8 ya timu 4. Mbili za juu zinaingia 16 bora, na kutoka hapo ni mtoano. Italia walibeba kombe kwa mechi 7. Jumla ya mechi zote ni 64, ndani ya siku 17. Timu zimeongezeka 8, mechi zimepungua 36. Na timu 16, yaani nusu kamili, zilifunga mabegi baada ya mechi tatu.

Msimamo wangu ni huu: 32 zibaki, lakini timu zinazotoka makundi zisirudishwe nyumbani. Zicheze kuwania nafasi ya 17 hadi 32, angalau mechi mbili zaidi. Anayepinga aje na hesabu yake.

Namba Nne

Napinga, na napinga kwa faida ya hizo hizo timu unazozitetea. Turudi 24 na makundi ya sita.

Kundi la timu nne linapangwa kwa vyungu vya viwango. Timu ya chungu cha mwisho inakutana na moja ya kila chungu cha juu yake. Maana yake ni kwamba kati ya mechi zake tatu, ambayo kweli inaweza kuishinda ni moja, ikibahatika mbili. Chukua Kenya 2025, Kundi G, Phuket: Poland, Ujerumani na Vietnam. Malkia Strikers wakawapiga Vietnam 3–0, wakapoteza 0–3 mara mbili, wakamaliza wa tatu, safari ikaishia hapo. Ushindi mzuri kabisa, lakini haukufungua mlango wowote.

Linganisha na 2022. Kenya walikuwa Kundi A pamoja na Italia, Uholanzi, Ubelgiji, Puerto Rico na Kamerun. Ndani ya kundi hilo moja unapata majabali, unapata timu za kati, na unapata mwenzako wa kiwango chako. Kenya waliwafunga Kamerun 3–0. Mechi tano, ngazi tatu tofauti za ugumu. Kwa timu inayojifunza hilo ndilo kundi lenye faida.

Mechi za nafasi ya 17 hadi 32 zitachezwa kwenye kumbi tupu na wachezaji ambao akili yao imeshapanda ndege.

Mezani

Mkuu Namba Nne, hapo kwenye "haukufungua mlango wowote" nasimama, kwa sababu viwango vya dunia vinafanya kazi tofauti na watu wanavyodhani. Nieleze taratibu.

Tangu 2020 viwango vinahesabiwa mechi kwa mechi. Kila timu ina alama zake. Kabla ya mechi, tofauti ya alama za timu mbili inatoa matokeo yanayotarajiwa, namba iliyo kati ya +2 na −2. Matokeo halisi nayo yana thamani: kushinda 3–0 ni 2, 3–1 ni 1.5, 3–2 ni 1. Aliyepoteza anapewa namba hizo hizo kwa hasi. Unachukua matokeo halisi, unaondoa yaliyotarajiwa, unazidisha kwa uzito wa mashindano, unagawanya kwa 8. Uzito wa Olimpiki ni 50, Mashindano ya Dunia 45, Ligi ya Mataifa (ile ya kila mwaka ya timu kubwa) 40, ubingwa wa bara 35. Mechi za kirafiki hazihesabiwi kabisa.

Sasa weka timu mbili zilizo sawa, matarajio sifuri. Ukishinda 3–0 kwenye Mashindano ya Dunia unapata 2 × 45 ÷ 8, yaani alama 11.25. Ushindi huo huo kwenye ubingwa wa bara unakupa 8.75. Kwa hiyo mechi ya Kenya na Vietnam ilikuwa na thamani kubwa hata kama hakuna aliyesonga mbele.

Mfano wa pili ni muhimu zaidi. Unacheza na jabali ambalo matarajio yako dhidi yake ni −1.9. Ukipigwa 0–3, umepata −2 badala ya −1.9, tofauti ni 0.1, unapoteza alama 0.56 tu. Lakini ukimpokonya seti moja ukafungwa 1–3, umepata −1.5 badala ya −1.9. Umepoteza mechi, na bado umeongeza alama 2.25. Seti moja! Vietnam, wakiwa wanashiriki kwa mara ya kwanza, waliwachukulia Poland seti ya kwanza kabla ya kufungwa 1–3. Anayesoma matokeo juu juu anaona kipigo. Kwenye jedwali la viwango ni habari nyingine.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mechi za nafasi ya 17 ni mechi mfu. Timu mbili za karibu zikikutana pale zinapigania karibu alama 11 kila upande, kwa sababu anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwenzake.

Namba Nne

Kama anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwenzake, basi Afrika kwa ujumla haifaidiki na kitu. Timu zetu zinanyang'anyana alama.

Mezani

Zinapocheza zenyewe kwa zenyewe, ndiyo, umesema kweli, na hapo ndipo kidonda kilipo. Kenya, Kamerun na Misri zikichezeana bara zima mwaka mzima, jumla ya alama za Afrika haiongezeki hata nukta moja. Hata kama kiwango halisi cha uwanjani kimepanda sana, jedwali haliwezi kukiona, kwa sababu hakuna mtu wa nje aliyefungwa. Alama mpya zinaingia Afrika kwa kumshinda asiye Mwafrika, au kumpokonya seti. Hakuna njia nyingine.

Sasa hesabu milango. Ligi ya Mataifa tangu 2025 ina timu 18 na kwa wanawake hakuna hata moja ya Afrika. Anayeshika mkia anatoka, anaingia aliye juu zaidi kwenye viwango miongoni mwa walio nje. Kombe la Challenger, lililokuwa la timu zilizo nje ya Ligi ya Mataifa na ambalo Kenya walicheza 2023 na 2024, limefutwa baada ya 2024. Lilikuwa na timu nane na mtoano tangu siku ya kwanza, lakini angalau lilikuwepo. Kilichobaki ni Mashindano ya Dunia, mechi tatu, na Olimpiki kwa aliyefuzu.

Mwaka 2025 timu tatu za Afrika zilicheza mechi 9 kule Thailand na kushinda moja, hiyo ya Kenya. Mechi tisa kwa bara zima ndiyo nafasi yote ya kujieleza. Nikizidishiwa zikawa 15, nachukua leo.

Kocha Mapokezi

Nilikuwa nasoma tu, lakini ngoja niingie kwa upande wa uwanjani, kwa sababu mnazungumza kama vile mechi ni alama peke yake.

Tatizo la timu zetu dhidi ya timu kubwa halianzi kwenye smashi. Linaanza kwenye pasi ya kwanza. Namba moja inayonieleza mechi nzima ni hii: kila mpinzani anaposeva, mara ngapi timu yangu inamaliza pointi kwenye mapokezi yake yenyewe? Tuseme timu kubwa inafanya hivyo mara 65 kati ya 100, na yangu mara 45. Ukipiga hesabu, timu kubwa itachukua asilimia 59 ya pointi zote. Hiyo ni seti ya 25–17. Sasa nipandishe mapokezi yangu kutoka 45 hadi 55, bila kubadilisha kitu kingine chochote: si bloku, si sevu, si urefu wa mchezaji yeyote. Seti inakuwa 25–21. Na seti ya 25–21 ni seti ambayo siku moja sevu mbili zikigusa mstari unaichukua, na unapata zile alama 2.25 za mkuu Mezani.

Kinachoharibika ni nini hasa? Sevu ya kuelea ya kuruka, inayopigwa bapa bila mzunguko, inakuja kati ya mpokeaji wa namba 5 (nyuma kushoto) na wa namba 6 (nyuma katikati). Kila mmoja anamsubiri mwenzake robo sekunde. Mpira unapokelewa kwa mikono iliyochelewa, pasi inaishia mita tatu nje ya wavu. Seta, anayewapangia wapigaji mpira, anakimbia kuutafuta, mpira wa haraka wa katikati umekufa, na kila mtu ukumbini anajua utakwenda namba 4 (mbele kushoto) ukiwa juu. Mzuiaji wao wa kati ana muda wa kutembea hadi pale. Bloku ya watu wawili imekamilika kabla mpigaji wetu hajaruka. Wavu wa wanawake una mita 2.24, na dhidi ya mikono minne iliyopita juu yake vizuri hakuna smashi nzuri, kuna bahati tu au kugonga vidole mpira utoke nje.

Dawa ni kupokea sevu za namna hiyo nyingi. Mazoezini unaweza kumweka mtu juu ya boksi ndani ya uwanja akaseva kwa nguvu kutoka karibu, unaweza kuwaita wavulana waseve. Inasaidia kasi. Haifundishi kusoma bega na kiganja cha mtu aliye mita 18 kutoka kwako, anayebadilisha urefu wa sevu bila kubadilisha mruko.

Sasa hesabu yangu. Mpinzani akikufunga 25–17 atakuwa ameseva takriban mara 25 kwenye seti, kwa sababu kila pointi anayopata inamrudisha kuseva. Seti tatu ni 75. Mechi tatu ni sevu 225 hivi, mechi tano ni 375. Timu iliyo Ligi ya Mataifa inacheza mechi 12 za hatua ya awali, hata zikiwa fupi zote ni sevu 900 kabla ya Agosti. Tunawaleta wapokeaji wa sevu 225 kushindana na wapokeaji wa sevu 900 na zaidi, halafu tunauliza kwa nini wanatetemeka seti ya kwanza.

Namba Nne

Kocha, hesabu yako ni nzuri lakini inanisaidia mimi. Makundi ya sita yalikuwa yanakupa hizo mechi tano bila kuomba. Na sikubali kwamba mechi dhidi ya majabali zinafundisha zenyewe. Kenya walicheza mechi tano Olimpiki ya Tokyo, zote 0–3. Wakacheza tatu Paris 2024 na Brazil, Poland na Japani, zote 0–3. Mechi nane, hakuna seti. Kinachofundisha ni ngazi ya katikati.

Kocha Mapokezi

Ngazi ya katikati nakubaliana nawe kabisa. Mpokeaji akipigwa sevu za moja kwa moja tano mfululizo hajifunzi, anajificha. Anajifunza pale anapokosea tatu, anapatia nne, na mechi bado iko hai kwenye 19–20. Ndiyo maana mechi za nafasi ya 17 hadi 32 nazitaka kuliko hata mechi ya nne dhidi ya jabali.

Ratiba

Mbona hakuna anayewataja wachezaji wenyewe? Nawasemea. Timu kama Italia, Brazil na Japani zinacheza Ligi ya Mataifa: mechi 12 za awali kwa wiki tatu, nne kila wiki, kila wiki nchi nyingine. Fainali za 2025 ziliisha Julai 27 kule Łódź, mechi hadi tatu zaidi. Agosti 22 wanaanza Mashindano ya Dunia, mechi hadi saba. Hiyo ni 22 kabla ya msimu wa klabu, ambao kwa wengi unaanza Oktoba na kwenda hadi Aprili au Mei. Magoti na mabega yanalipa. Kupunguza kutoka mechi 12 hadi 7 za Mashindano ya Dunia lilikuwa jambo la busara, hasa baada ya kuyafanya ya kila miaka miwili. Kurudi kwenye makundi ya sita ni kuwarudishia mzigo ule ule mara mbili. Kwa hiyo Namba Nne, pendekezo lako silikubali hata kidogo.

Na MtoaMada, kuna hesabu umeiruka. Zamani timu dhaifu ilipata mechi 5 kila miaka minne. Sasa inapata 3 kila miaka miwili, yaani 6 kwa miaka minne, ikifuzu mara zote mbili. Haijapunguziwa.

MtoaMada

Dada Ratiba, hiyo ya 6 dhidi ya 5 ni kweli na naipokea, lakini umeweka mwenyewe sharti la "ikifuzu mara zote mbili". Kwa Afrika tiketi za uhakika ni tatu kwa bara. Anayeshika nafasi ya nne mwaka mmoja anabaki na 3 kwa miaka minne, labda viwango vimbebe. Kwenye zile 32, mwenyeji ana moja, bingwa mtetezi moja, mabara matano yana tatu tatu, na 15 zilizobaki zinatoka kwenye viwango. Kwa alama zinazozunguka ndani ya bara kama alivyoeleza Mezani, hiyo njia ya 15 kwetu imezibwa.

Na kuhusu uchovu: wanaochoka ni wanaosonga mbele. Mimi naomba mechi kwa wale waliotoka. Wengi wao hawakuwa Ligi ya Mataifa. Mchezaji aliyecheza mechi tatu Agosti nzima hana tatizo la wingi wa mechi, ana tatizo la uchache.

Ratiba

Kwa hao sawa. Lakini miongoni mwa wanaotoka kuna wenye mikataba Ulaya, na klabu zinawasubiri kwa maandalizi ya msimu. Ukiwaongezea siku, klabu zitanung'unika, na mwaka unaofuata mchezaji ataambiwa "umeumia" asiende timu ya taifa.

Ukumbini

Nimeona suala la siku na gharama linaguswa bila kupangwa. Nipange, kwa sababu kwenye utekelezaji ndipo mapendekezo mengi yanapofia.

Kuna mfumo ambao tayari upo kwenye mpira wa kikapu. Kombe la Dunia la wanaume la 2019 na 2023 lilikuwa na timu 32, makundi 8 ya timu 4, kama Thailand. Timu za tatu na nne za makundi mawili zinaungana kuwa kundi jipya la nne. Matokeo ya mechi zote za kundi la kwanza yanabebwa. Kila mmoja anacheza na wale wawili wapya tu. Mechi mbili kwa timu, mechi 16 kwa timu zote 16. Na usidharau mechi hizo: Sudan Kusini ilipata tiketi ya Olimpiki ya Paris kwa kuifunga Angola kwenye hatua hiyo hiyo ya waliotolewa, Manila, Septemba 2023, kwa sababu ilimaliza ikiwa bora ya Afrika. Mpira wa mikono wa wanawake nao, tangu ufike timu 32 mwaka 2021, wanaoshika mkia wa makundi hawaendi nyumbani, wanaingia Kombe la Rais na kuanza kundi jipya.

Sasa liweke kwenye ratiba ya Thailand. Hatua ya makundi iliisha Agosti 27. 16 bora ilianza Agosti 29, robo fainali Septemba 3. Miji ilikuwa minne, Bangkok, Phuket, Chiang Mai na Nakhon Ratchasima, kila mmoja na makundi mawili. Baada ya makundi, mtoano wote ulihamia Bangkok. Kumbi tatu zikabaki na sakafu imetandikwa, nguzo zimesimama, kamera za marudio zimefungwa. Chukua mbili kati ya hizo. Agosti 28 timu zinasafiri. Agosti 29 mechi nne kila ukumbi: saa 4 asubuhi, saa 7 mchana, saa 10 na nusu jioni, saa 2 usiku. Agosti 30 mapumziko. Agosti 31 mechi nne tena kila ukumbi. Septemba 1 watu wanaondoka, robo fainali haijaanza. Dada Ratiba, klabu inapoteza siku nne.

Gharama: tuseme kila msafara una watu 22, wachezaji 14 na benchi. Mara timu 16, mara usiku 4, ni vitanda 1,408 na milo yake. Ongeza ndege za ndani kwa timu zinazohama mji, na waamuzi wawili, mwamuzi wa video na waandishi wa mezani kwa kila mechi. Si bure, na lazima ijulikane mapema nani analipa: mwandaaji, FIVB (shirikisho la voliboli la dunia), au mashirikisho ya nchi. Likiachwa kwa mashirikisho, timu tajiri zitabaki na maskini zitajitoa, na hapo ni afadhali lisiwepo. Lakini mashindano yamepungua kutoka mechi 100 hadi 64. Ukiongeza 16 unafika 80. Bado uko chini ya 2022 kwa mechi 20 na kwa siku 6.

Kinachoweza kuharibika ni kitu kimoja hasa: saa. Mechi ya seti tatu ni kama saa moja na robo, ya seti tano inapita saa mbili. Ukipanga mechi kwa pengo la saa mbili, moja ikienda seti ya tano inasukuma zote, na wa saa 2 usiku wanaanza saa 4 usiku. Pengo la saa tatu na zaidi ni lazima.

Mezani

Safi sana. Nimeufuata mfumo huo kwenye makundi ya Thailand nione nani angekutana na nani. Kundi G lingeungana na H. Kwenye G waliotoka ni Kenya na Vietnam. Kwenye H, Japani na Serbia walipita, wakatoka Ukraine na Kamerun. Kenya wangebeba ushindi wao wa 3–0 dhidi ya Vietnam, kisha wacheze na Ukraine na Kamerun.

Angalieni hiyo Ukraine. Ni timu iliyoingia Ligi ya Mataifa ya 2026 kuchukua nafasi ya Korea Kusini walioshika mkia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kwenye viwango kati ya walio nje. Yaani Kenya wangepata mechi ya uzito wa 45 dhidi ya timu iliyo mlangoni kabisa mwa kule tunakotaka kwenda. Kushinda hata seti mbili hapo, ukapoteza 2–3, ni −1. Kama matarajio yalikuwa −1.5, umeongeza 0.5 × 45 ÷ 8, alama 2.8.

Namba Nne

Nimelifuata hili la Ukumbini hatua kwa hatua, na nakiri mfumo wa kubeba matokeo unaondoa sehemu kubwa ya pingamizi langu. Mechi ya kwanza ya kundi haiwi ya bure, kwa sababu unajua matokeo yake utayabeba.

Yamebaki mawili. La kwanza, uzito. Timu iliyotolewa ikiwapumzisha wachezaji wake sita wa kwanza na kuwapanga vijana, je, ni haki mpinzani wake apate alama kwa uzito wa 45? Napendekeza ushuke hadi 35, sawa na ubingwa wa bara. La pili, sitaki mechi hizi ziwe kisingizio cha mashirikisho yetu kukaa. Bingwa wa bara wa 2026 anakwenda moja kwa moja Olimpiki ya Los Angeles 2028. Kwa hiyo maandalizi ya kweli ni ya miaka miwili mfululizo. Timu inayokusanywa wiki chache kabla ya safari itapigwa mechi tano kama ilivyopigwa tatu.

Kocha Mapokezi

Kwenye la pili niko nawe. Ila la kwanza sikubali. Kupanga vijana ni haki ya kocha kwenye mechi yoyote, hata Ligi ya Mataifa timu kubwa zinapumzisha nyota wiki ya tatu na uzito unabaki 40. Mbona kule hakuna anayeomba upunguzwe?

Mezani

Na kwa namba, ukishusha hadi 35, ushindi wa 3–0 wa timu zilizo sawa unatoka 11.25 hadi 8.75, sawa kabisa na ambao ungeupata bila kutoka Afrika. Sababu moja kubwa ya kubaki kule siku nne inakuwa imeondoka. Mimi nasema 45 ibaki kwa mechi zote za mashindano.

Ratiba

Mimi naunga mkono mfumo wa Ukumbini kwa masharti mawili yaandikwe: siku ya mapumziko kati ya mechi mbili isiguswe hata ukumbi ukiwa na shida, na gharama za vitanda zisiwe juu ya mashirikisho. Bila hayo mawili, naendelea kupinga.

MtoaMada

Nakubali yote mawili ya Ratiba. Kwenye uzito bado tumegawanyika, Namba Nne peke yake upande wa 35. Wenye hoja ya tatu waje, hasa waliowahi kukaa mezani au kupanga ratiba ya kumbi mbili kwa siku moja.